Damu ya Wenye Ndugu

Jirani yangu alijifungua asubuhi, mtoto wa kike, na kufika saa nne damu ilikuwa bado inamtoka. Nilimpeleka hospitali mimi, hapa Kasongo, kwa sababu mume wake alikuwa Salamabila akichimba dhahabu na simu yake haikupatikana. Ni watu wa Kabambare. Walikimbia vita, wakapanga chumba nyuma ya nyumba yangu. Mjini hapa hawakuwa na shangazi wala binamu.

Muuguzi alinitazama. "Ndugu zake wako wapi? Walete damu."

"Hana ndugu huku. Pima yangu."

Wakapima. Haikupatana na yake.

Kwenye kitanda cha pili alilala mke wa mnunuzi wa dhahabu, aliyepasuliwa jana yake. Mumewe alikuwa ameleta wanaume wanne wanaomwendeshea pikipiki, wote wakatoa damu. Mama yule alitumia mifuko miwili. Miwili ikabaki kwenye frigo ya labo, kule wanakopimia damu. Nilipoiulizia, muuguzi akasema, "Ile iko na wenyewe."

Nikaenda kwa akina mama wa kanisa letu, waliokuwa wakipalilia shamba la mihogo la parokia. Hao ndio walioniletea unga na kuni nilipofiwa na mume. Nikawaeleza. Wakatazamana.

"Mama mwalimu," mmoja akaniuliza, "huyo iko mu kikundi chetu?"

"Hapana. Ni jirani."

Mwingine akasema yeye mwenyewe damu yake ni kidogo. Wa tatu, kwamba hajala tangu jana. Wakainama tena kwenye majembe yao.

Nilirudi hospitali kwa hasira. Midomo ya jirani yangu ilikuwa imepauka. Aliniambia, kwa sauti ndogo, kwamba kama nimechoka niende tu nyumbani. Ndipo mtu wa labo alipotoka nje kunawa mikono. Tulisoma naye darasa moja sekondari. Akanisalimia kwa furaha. Nilipomweleza shida yangu, akaingia ndani, akapima damu ile ya kwenye frigo. Ilipatana. Saa tisa mfuko ulikuwa umetundikwa.

"Sasa kwa nini hukusema tangu asubuhi kama ni mutu wako?" akaniuliza.

"Kama nisingekujua wewe, angekufa?"

Akacheka kidogo. "Usikasirike, mwalimu. Kazi yetu ndiyo iko vile."

Nimekasirika mpaka leo. Kuanzia saa nne hadi saa tisa mwanamke alivuja damu, na dawa yake ilikuwa hatua kumi kutoka kitandani.

Alipona. Kanisani walitoa shukrani, na wale wale akina mama wakaimba. Lakini kwa damu ile iliyopotea, maziwa yake hayakutoka. Maziwa ya kopo yanauzwa sokoni kwa fedha ambazo mume wake hapati kwa wiki nzima, basi mtoto anakunywa uji wa mchele, na ukimbeba unazihisi mbavu zake. Mama yake hunipigia magoti kila tunapokutana. Nimemkataza, hasikii.

Siku tuliyotoka hospitali, kitandani pale waliingiza mwanamke mwingine, wa Lusangi, amekuja peke yake. Muuguzi akamwambia apige simu kwa watu wake, waje kutoa damu. Akajibu kwamba hana simu. Nilisikia vizuri. Nikapita mlangoni na mtoto wa jirani yangu mgongoni. Sijui yule mama alifikia wapi. Sikurudi kuuliza.