Niliwahamisha Watoto wa Mama Ramazani

Nimekosa, ndugu zangu, na kosa langu halina mshirika. Sikutumwa, sikulewa, sikudanganywa. Jina langu silitaji, maana aibu ikiwa na jina hufika mjini kabla ya mwenyewe. Lakini wewe unayewasomea wenzako waraka huu, soma polepole, nakuomba, mpaka mstari wa mwisho. Nina haja nao.

Mimi ni mtu wa njia. Chuoni niliacha kabla sijamaliza hata juzuu moja. Mwalimu alichoka na maswali yangu, nami nikachoka na fimbo yake. Tangu hapo nimefuata misafara, kutoka pwani hadi Ujiji, kutoka Ujiji hadi Manyema, kwa kutaka tu kujua kilichoko nyuma ya kilima kinachofuata.

Kindu, huko huko Manyema, nilifika nimebebwa. Homa ilinikamata njiani, na wenzangu wakanibwaga kwenye baraza ya mjane mmoja karibu na mto, wakaenda zao. Hata aliyeniaga sikumwona! Mjane huyo watu walimwita Mama Ramazani. Aliniuguza kwa uji wa mchele na maji ya majani machungu. Siku nilipoweza kusimama, akanipima kwa macho kutoka chini hadi juu, akacheka.

"Mwanangu, kumbe weye ni murefu hivi!"

Mwanangu! Tangu mama yangu afe, hakuna kinywa kilichoniita hivyo.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na uwanja mpana ulioliwa na magugu. Matete yalinifika kifuani, upupu umeukalia ua wa miti, na panya wamefanya mji wao humo. Nikaona hapo ndipo pa kumshukuru. Nikamwambia, "Mama, nipe uani kwako nipafanye bustani. Nimeziona bustani za waungwana wa Nyangwe, vitunguu mstari huu, malimau mstari ule, na njia ya kupita katikati."

Akasita. Kisha akasema, "Fyeka. Lakini ile migomba tatu ya nyuma, angalia sana. Pale iko watoto yangu."

Sasa sikilizeni ujinga wa mtu anayejiona msemaji! Lugha ya kule ni hii hii yetu, ila kwao kila kitu ni "iko". Nikamsahihisha kimoyomoyo. Nikasema, huyu anataka kunena kwamba migomba ina watoto, yale machipukizi yanayoota shinani. Kwetu kila mkulima huyaita watoto. Nikamjibu, "Usihofu, mama. Watoto wako nitawatunza."

Alinitazama kwa shukrani ambayo hata leo inanichoma.

Na mimi, niliyemuuliza jina la kila jani la mle uani na la kila samaki aliyeletwa na Wagenya, wavuvi wa mto ule, sikumuuliza hata mara moja: huyu Ramazani ambaye wewe ni mama yake, yuko wapi?

Kesho yake akavuka mto kwenda matangani kwa dada yake. Nikabaki na panga, jembe na furaha yangu.

Nilifanya kazi kama mtu aliyepagawa. Jirani yetu, Bibi Zaina, alikuwa akichungulia juu ya ua na kunikejeli.

"Weye muntu wa pwani! Unalima bustani ao unalima posa?"

"Nataka nikimaliza hapa nipalilie mdomo wako, bibi. Una magugu mengi kuliko huku!"

Akacheka mpaka akashika kiuno, akaenda kutwanga mpunga wake. Laiti angekaa kidogo! Laiti angeniona siku ya tatu!

Siku ya tatu nilifika kwenye migomba. Ilikuwa imezeeka, imeinama ovyo katikati ya bustani yangu kama watu waliosimama njiani. Nikaikata yote mitatu. Nikayachimbua machipukizi kwa uangalifu, moja zuri kutoka kila shina, nikayapanda kando ya ua kwa mstari ulionyooka kama safu ya swala. Nikayamwagilia maji. Nikajisifu.

Chini ya kila shina jembe liligonga chungu kidogo, kimefunikwa kigae. Vitatu. Sikuweza kujizuia, nikavifunua. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na kipande cha nguo ya gome, na ndani ya nguo kitu kikavu, kimejikunja kama tangawizi ya zamani. Nikakigeuza. Nikakinusa. Nikasema, dawa ya kale, imekwisha nguvu. Nikavimwaga vyote juu ya moto wa magugu. Vyungu viwili vilikuwa na ufa, nikavitupa. Cha tatu kilikuwa kizima, nikatia mbegu za pilipili.

Majivu niliyatandaza kwenye matuta ya vitunguu. Majivu ni mbolea, si ndiyo?

Mama Ramazani alirudi siku ya nne, mchana. Nilimshika mkono, nikampitisha kwenye njia niliyoitandika kokoto za mtoni. Alitabasamu kwenye malimau. Alitabasamu kwenye matuta. Kisha akasimama.

"Watoto yangu iko wapi?"

"Hawa hapa, mama! Wote watatu. Nimewahamisha, tazama walivyojipanga!"

Hakutazama mstari. Alikuwa anatazama kile chungu cha pilipili.

"Vya ndani uliweka wapi?"

"Nilichoma."

"Na majivu?"

Nikanyoosha kidole. Akaitazama miguu yake, ikiwa katikati ya matuta. Akainua mmoja, akakosa pa kuuweka. Ndugu zangu, nimeona watu wakilia na kugaragara, lakini sijaona jambo kama mama yule aliyesimama kwa mguu mmoja ndani ya bustani yangu!

Bibi Zaina ndiye aliyenifafanulia, safari hii bila mzaha. Kule mtoto akizaliwa, kitovu chake kikikatika huzikwa chini ya mgomba, na mgomba huo ni wake. Wawili wa mama yule walikufa wachanga. Wa tatu, Ramazani, mwenye mgomba wa upande wa mto, alichukuliwa siku ndevu zilipoanza kumwota, akatwishwa pembe za ndovu, akaondoka na msafara. Msafara kama ule ulioniacha mimi barazani.

"Muntu mwenye kitovu chake kiko ndani ya udongo, anajua kurudi," Zaina akasema. "Sasa weye umemufungia njia."

Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza! Aliendelea kunipakulia chakula, kwenye sahani ile ile. Lakini asubuhi yake alinikabidhi maji ya kunawa, akasema, "Karibu, mugeni."

Mgeni. Neno la adabu kabisa. Lilinitoa nje ya nyumba ile kuliko rungu.

Vitunguu viliota, vikanenepa, vikaoza ardhini. Hakula hata kimoja, wala hakukanyaga tena kule nyuma. Nilivumilia mpaka machipukizi yalipotoa majani mapya, ndipo nikaondoka. Sasa naandika haya katika kijiji ambacho hakuna anayenijua, na ninapougua hakuna anayeniuliza nina nini.

Nawaonya, hasa nyinyi wapita njia wenzangu. Ukipewa mahali pa mtu upatengeneze, uliza kwanza pana nini chini. Wala usiseme umeelewa kwa sababu tu maneno unayajua. Muulize mwenyewe maana yake, na ukidhani umeelewa, muulize tena.

Na sasa haja yangu. Katika wanaosomewa, kama yupo Ramazani, mzaliwa wa Kindu, aliyeondoka na mzigo wa pembe: ndugu yangu, mgomba wako umehama. Haupo tena katikati ya uwanja. Uko kando ya ua, wa mwisho upande wa mto, na umeshika. Mama yako yu hai. Anakaa barazani, uso kwenye njia.

Usipitie uani. Pita mbele.