Mshika Ngazi

Fundi wa matengenezo wa lile jengo la ofisi walimwita Twiga, si kwa urefu, maana alikuwa mfupi, bali kwa kuwa kutwa kichwa chake kilikuwa darini. Mkewe alifagia jengo hilohilo. Tangu waajiriwe walikuwa na utaratibu wao. Twiga akitaka kupanda humwita, naye huweka fagio chini, hukanyaga kipandio cha kwanza na kushikilia ngazi mpaka mumewe ashuke. Makarani waliwatania kwamba ndoa za wenzao zimefungwa kwa pete, ya hawa imefungwa kwa ngazi.

Asubuhi moja walitoka nyumbani wamenuniana. Kisa ni mdogo wake Twiga, aliyekuja kukaa wiki moja na sasa alikuwa anauliza atundike wapi pazia lake. Mke alisema lake, mume akajibu, basi, hapo kila mtu kimya.

Kazini Twiga akatumwa kubadilisha taa ya ukumbini. Mkewe alikuwa pale pale, anapiga deki. Alimwona akisimamisha ngazi juu ya sakafu mbichi, akangoja aitwe. Twiga naye akangoja mkewe aje bila kuitwa. Alipochoka kungoja akapanda. Ngazi haikuwa na ugomvi na mtu. Iliteleza tu, na mwenye nayo akaja chini nayo.

Kisigino kilivunjika. Plasta ilipotolewa, mguu haukurudi kama zamani. Msimamizi, bila kumzungusha, akamwambia kuwa fundi asiyepanda hana kazi pale. Aje ajaribu, akishindwa akabidhi vifaa.

Siku ya kujaribu alipewa taa ya kubadilisha; alipanda vipandio viwili, kisigino kikagoma. Akabaki hapo, hapandi, hashuki, msimamizi amekunja mikono anatazama. Mkewe akaweka fagio chini. Safari hii hakungoja kuitwa.

“Shuka, baba. Nipe hiyo bisibisi, unielekeze.”

“Wewe? Wewe si hata stuli unaiogopa?”

“Ndiyo maana utanishika vizuri.”

Akapanda kipandio kimoja kimoja, ameing'ang'ania ngazi. Twiga akakanyaga kipandio cha kwanza, akawa anamwelekeza: legeza kwanza, usivute, sasa kaza. Taa ikawaka. Msimamizi alitazama juu, akatazama chini, akasema yeye shida yake ni mwanga, kisha akaenda zake.

Mke hakushuka. Alifuta vumbi kwenye kifuniko, taratibu, kama mtu mwenye nafasi.

“Na shemeji anaondoka lini?”

Twiga alikuwa ameshikilia ngazi kwa mikono yote miwili.

“Jumamosi,” akasema.