Shangazi na Keki Iliyokuwa Bado Inasema

Kila alfajiri, unga wa mikate ukishakandwa na kufunikwa kitambaa, Shangazi aliegemeza simu yake kwenye kopo la sukari, akageuza ndoo tupu ya mafuta ikawa kigoda, akatazama katuni yake ya Kijapani. Sehemu moja tu. Ikiisha, na unga umeshaumuka.

Pale kwenye duka la keki kila mtu alimwita Shangazi, hata mzee mwosha vyombo aliyemzidi miaka kumi na tano. Alikuwa fundi wa keki pale mwaka wa tisa.

"Shangazi, wamefikia wapi leo?" mzee aliuliza, mikono imezama kwenye povu.

"Wanachekecha unga."

"Si walikuwa wanachekecha jana?"

"Jana ulikuwa wa biskuti."

"Makubwa! Hakuna hata anayefumaniwa?"

"Hakuna. Binti kaunguza trei moja. Mwalimu wake kamwambia akae kwanza anywe chai."

Mzee akatikisa kichwa. "Hiyo kweli katuni."

Shangazi hakujua hata neno la Kijapani, na maandishi ya chini yaliyapita macho yake mbio. Alitazama mikono ya wapishi. Duka lile la kwenye katuni lilikuwa dogo kama lao, lina mlango wenye njuga na kioo chenye ukungu wa mvuke, na ndani yake hakuna aliyefokewa. Keki ikiharibika, walisimama wote wakaitazama ile keki, hawakumtazama mtu. Shangazi alikulia kwenye majiko ambako mwiko ulipiga vidole kabla mdomo haujasema kosa. Ndiyo maana hakuchoka kuitazama.

Humo ndimo alimomwona bibi mmoja mpishi akiitoa keki kwenye oveni, akainama, akaitegea sikio. Kesho yake akajaribu. Ni kweli: keki ambayo haijaiva ndani inasema, tss, tss, kama chai inayochemka chumba cha pili. Ikiiva, inanyamaza. Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyemrudishia keki mbichi.

Kisha Bosi akanunua oveni mpya yenye kengele, akaipenda kama mtoto wa kwanza.

"Ikilia, toa," alisema. "Mambo ya kuongea na keki basi. Wateja watasema tumerogwa. Nikikuona umeinama tena, Shangazi, huna kazi hapa."

Alisema mbele ya watu wote. Shangazi akajibu, "Sawa, Bosi," akarudi kwenye unga wake. Kazi ndiyo hiyo aliyoijua.

Siku ya tatu ilikuwa keki ya harusi. Kengele ikalia. Juu ilikuwa ya kahawia, nzuri kabisa. Hata bila kuinama, Shangazi aliisikia.

"Bosi, bado inasema."

"Mimi sisikii kitu," Bosi akasema, akaitoa mwenyewe.

Walipaka krimu, wakapanga maua ya sukari. Saa nne asubuhi mama wa bibi harusi akaja na kitenge kipya begani. Alipoinua kifuniko cha boksi, keki ikazama katikati, polepole, kama mtu anayekaa kwenye kochi bovu.

"Hii nini tena?" mama akauliza. "Harusi jioni!"

"Fundi wetu huyu," Bosi akasema haraka, "akili yote iko kwenye katuni."

Mzee akafunga bomba. Shangazi alimsogezea mama kiti, akamletea chai.

"Kaa unywe, mama. Saa nane utaondoka na keki yako."

Akaanza upya. Mayai, sukari, unga aliouchekecha mara mbili. Kengele ilipolia, akaitoa keki, akaiweka mezani, na mbele ya Bosi, mbele ya mteja, akainama.

Mama alishikilia kikombe hewani.

"Bado," Shangazi akasema, akairudisha. Dakika sita. Akainama tena, safari hii akatabasamu. "Imenyamaza."

Ikapozwa, ikapambwa. Saa nane kasorobo alimkabidhi mama kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mtoto mchanga. Mama aliibonyeza pembeni kwa kidole, ikarudi juu yenyewe. "Mikono yako ibarikiwe, fundi," akasema.

Mlango ulipofungwa, Bosi akakohoa. "Haya, Shangazi. Kwa leo nimekusamehe."

Shangazi alikuwa akifungua kamba za aproni. Aliikunja mara nne, akailaza juu ya oveni mpya, karibu na kengele yake.

"Usinisamehe, Bosi. Ulisema nikiinama sina kazi. Nimeinama mara mbili."

"Acha utani! Kesho nani ataoka?"

"Kengele ipo."

Mzee akacheka mpaka povu likamruka puani. Shangazi akachukua simu yake kwenye kopo la sukari, akaifuta unga, akamwambia mzee kwaheri kwa heshima zote, akatoka kwa mlango wa mbele, ule wa wateja. Hakurudi.