Mwiko Mkononi mwa Baba

Juzi nilimkuta mwanangu wa kiume akisonga ugali, mlango wazi, nikakumbuka harufu ya ugali ulioungua kwetu Nkololo.

Siku hiyo mayu, mama yangu, alikuwa amepeleka pamba kwa wanunuzi wapya waliokuja na malori, nami sikujua. Nilirudi kutoka shuleni nikamkuta baba jikoni, mlango kaufunga, kashika mwiko. Bibi alizoea kutuambia kuwa mwanaume hushika mwiko mkewe akifa.

"Mayu yuko wapi?" nililia.

"Nyamaza, majirani watasikia!"

Nikajua amekufa, nasi tunaficha msiba. Kumbe baba alikuwa akificha mwiko tu.

Jioni mayu akaingia, vumbi hadi kwenye nyusi. Baba akanisukumia mwiko haraka.

"Mtoto kapika," alisema.

Mayu alitazama mikono yangu safi, kisha unga kwenye ndevu za baba, akanawa, akala ugali ulioungua.