Karani wa Sikukuu

Katika miaka ile ya ruksa, mji wa Dodoma ulipopokea mitumba, video na wafadhili kwa mpigo mmoja, hakuna mtu wa mtaa wa Kikuyu aliyeijua Marekani kama Sila Mazengo, ingawa safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Morogoro, kupasuliwa jipu. Alikuwa karani na mtunza ghala wa mradi wa mbegu uliofadhiliwa na shirika moja la Kimarekani. Mradi wenyewe ulikuwa nyumba ya vyumba vitatu, ghala la bati, Land Rover moja na wafanyakazi tisa. Kazi yake ilikuwa kuwapa wakulima mbegu za mtama na uwele unaokomaa upesi, kabla mvua chache za Ugogo hazijaaga.

Mkuu wa mradi aliitwa Anthony, Mmarekani mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha darasani na hofu moja kubwa: kudharau mila ya mtu. Kabla ya kuja alikuwa amehudhuria semina ya wiki mbili juu ya jambo hilo. Alipomkuta kuku amelala katikati ya njia, alisimamisha gari akauliza kwanza kama yule kuku ana maana yoyote.

Mwezi wake wa kwanza kazini alimwambia Sila, "Niandikie kalenda ya sikukuu za mwaka. Nitatia saini."

Sila akaandika za serikali zote. Kisha akaona haya. Mgeni amekuja na mbegu zake na gari lake, halafu sikukuu zake azikute zimefungiwa nje? Katika sanduku la vitabu vya msaada kulikuwa na kitabu kinene cha shule chenye sikukuu za Marekani mwezi kwa mwezi, pamoja na picha. Sila alikaa nacho siku tatu, na alipoinuka, mradi ulikuwa umepata mapumziko ambayo hayajapata kuonekana Dodoma tangu reli ilipofika.

Februari kulikuwa na Siku ya Marais. Mei, ya askari waliokufa vitani. Julai, uhuru. Septemba Wamarekani huwaadhimisha wafanyakazi, na kwa kuwa sisi huwaadhimisha Mei Mosi, mfanyakazi wa mradi ule akawa anaadhimishwa mara mbili kwa mwaka bila kuongeza juhudi. Oktoba kulikuwa na Siku ya Maboga, na pia ya Kolumbasi, aliyepotea njia akapewa siku yake. Salha, mpiga chapa, ambaye babu yake alifika na misafara ya biashara asipotee hata hatua moja, aliuliza kama babu naye atapata yake.

"Na Idi yetu, kaka Sila? Mbona haikuongezwa siku?"

"Idi ni ya serikali, dada Salha. Siwezi kuigusa."

"Kumbe Marekani ndiyo ya kwako."

Taabu ilikuwa tarehe mbili Februari. Kitabu kilionyesha mnyama mnono, hana shingo, meno mbele, anayetoka shimoni siku hiyo. Akiona kivuli chake, baridi itaendelea. Kamusi haikumjua. Sila akaitazama picha, akatazama majabali ya mlima nyuma ya ofisi, akaamua: huyu ni pimbi. Akaandika *Sikukuu ya Pimbi*.

Anthony aliisoma kalenda kwa kidole. Alipofika Julai alitabasamu, akasema, "Hata hii mmenikumbukia!" Kisha kidole kikarudi Februari, kwa pimbi, kikasimama.

"Pimbi ni nani?"

Sila akamwonyesha majabali dirishani. "Mnyama wa kule, bwana."

"Ni muhimu?"

Sila alidhani anapimwa. "Sana, bwana."

Anthony akaweka mkono kifuani, akatia saini.

Miaka mitatu ikapita hivyo, kwa heshima kubwa pande zote. Mtaani Sila aliitwa Balozi. Watu walimsimamisha sokoni: "Balozi, wiki hii kwenu kuna nini?" Naye alijibu kwa kirefu, hata kwa mtu aliyekuwa amebeba gunia. Kila mwaka kalenda ilirefuka kidogo. Alisoma kwamba wahamiaji wa kwanza walipofanya Sikukuu ya Shukrani walishukuru siku tatu, naye hakuwa mtu wa kuwapunja marehemu. Akaandika Alhamisi ya nne ya Novemba kuwa Shukrani. Akasoma pia kwamba Wamarekani hula mabaki ya karamu ile kwa siku kadhaa. Ijumaa ikawa Siku ya Mabaki, na Jumatatu Siku ya Mabaki ya Pili.

Mwaka huo wa tatu mvua iliwahi. Ilinyesha Haneti, kijijini kwa kina Sila, Jumatano, mvua nzito ya kwanza, ardhi ikanywa hadi ikashiba. Mbegu za Haneti, magunia arobaini, zilikuwa ghalani Kikuyu, zimepangwa kugawiwa Jumanne ijayo, baada ya mabaki kwisha.

Ijumaa saa nne asubuhi wafanyakazi walikuwa uani wakigeuza nyama. Bata mzinga hakuwa amepatikana, wakamchinja mbuzi. Sila alikuwa amevaa kofia ndefu nyeusi ya karatasi ngumu, kama wale wahamiaji wa kitabuni. Ndipo lango likafunguka akaingia mwanamke mrefu, amejifunga kaniki, miguu ina tope la Haneti hadi magotini. Alikuwa Ruthu, mama yake mzazi.

"Mbukwenyi," aliwasalimu wote kwa Kigogo, kisha akamtazama mwanawe kichwani. "Nani amekufa?"

"Shikamoo, mama. Hakuna aliyekufa. Tunashukuru mavuno."

"Mavuno ya nani?"

"Ya Wamarekani."

"Waliyavuna lini?"

"Zamani. Kama miaka mia tatu na sabini."

Mama akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Sila, mwaka jana tulikula mbegu. Unajua. Tuliiosha dawa ya wadudu tukaipika, watu wakatapika, wakala tena. Nyumba hamsini hazina hata punje ya kupanda. Udongo una maji leo. Kesho utakuwa na unyevu. Jumatatu utakuwa tofali. Kijiji kimenituma mimi kwa sababu mwenye ufunguo nilimzaa. Fungua."

Dereva Jaha alilamba vidole polepole ili asikose neno.

Sila alikuwa na ufunguo mfukoni, lakini gunia halikutoka bila saini ya mkuu, na mkuu alikuwa nyumbani kwake akiheshimu sikukuu. Kwenda kumwomba ilikuwa sawa na kumwambia avunje Mabaki. Na akikubali kuyavunja, nani tena angemwita Sila Balozi? Alimtazama mama yake. Tope lilianza kukauka miguuni pake, likipasuka vipandevipande, na Sila akaona hivyo ndivyo shamba linavyopasuka.

Akavua kofia. "Twende."

Anthony aliwapokea barazani. "Shikamoo, mama," akasema, akainama vizuri kama alivyofundishwa. Sila akaeleza habari ya mvua. Anthony alisikiliza huku uso ukimwiva kwa huzuni.

"Ninataka kufungua," akasema. "Tangu nilipoyaona mawingu ya juzi ninataka. Lakini leo ni Siku ya Mabaki. Mimi ni mgeni. Siwezi kuvunja mila yenu kwa ajili ya ratiba."

Sila akauliza, "Mila yetu, bwana?"

"Mila ya Wagogo."

Mama Ruthu, ambaye Kiswahili alikisikia vizuri kuliko alivyokisema, akageuka. "Wagogo? Mabaki gani? Nani Ugogo amebakisha kitu?"

Hakukuwa na pa kujificha. Sila akasema yote, kuanzia sanduku la vitabu. Alisema huku akitazama viatu vya Anthony. Alipomaliza, Anthony akaanza kuhesabu.

"Basi Siku ya Maboga...?"

"Ya kwenu, bwana."

"Na pimbi?" Sauti ya Anthony ilikuwa imepungua. "Pimbi ni wenu."

"Pimbi ni wa kwenu, bwana. Yuko ukurasa wa thelathini na mbili. Anaangalia kivuli."

Anthony akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa. "Nimeandika ripoti," akasema. "Kurasa kumi na nane. *Pimbi na Imani ya Mvua kwa Wagogo*. Makao makuu wameipenda. Wanakuja Februari kuangalia."

Mama Ruthu aliwatazama kwa zamu, karani na mkuu wake, wasomi wawili waliofungiana ghala kwa adabu. "Mtalia baadaye," akasema. "Saini iko wapi?"

Kabla ya adhuhuri Land Rover ilikuwa barabarani na safari ya kwanza ya magunia, Jaha akiendesha kwa mkono mmoja, paja la mbuzi mkono wa pili. "Siku ya Mabaki nimefanya kazi," alirudia kila kwenye korongo. "Nitafidiwa siku gani? Balozi, tafuta kitabuni." Balozi alikuwa nyuma, juu ya magunia. Walirudi mara tatu. Jumapili jioni gunia la mwisho lilikuwa limeshafika ardhini, na Jumatatu ikaamka na jua kali.

Kalenda ya mwaka uliofuata ilikuwa na sikukuu za serikali tu. Salha aliichapa kwa kugonga herufi kwa nguvu, na wiki nzima hakuna aliyempa Sila chai. Mtaani akarudi kuwa Sila.

Sikukuu moja tu ilibaki, maana wageni wa makao makuu walikuwa wameshakata tiketi. Tarehe mbili Februari walifika Haneti wanne, na kamera, wakasimamishwa mbele ya majabali kando ya shamba la Ruthu, ambako mtama ulikuwa umewafika vifuani. Mmoja akamwomba bibi aeleze pimbi amewafanyia nini watu wake.

Sila ndiye aliyekuwa mkalimani. Alimtazama mama yake kwa macho ya kuomba.

Mama Ruthu alifikiri, akang'oa gugu moja, akalitupa.

"Waambie huyu mnyama hutoka shimoni mwezi wa kumi," akasema. "Asipozikuta mbegu hapa mwezi wa kumi, hukasirika sana."

Sila alitafsiri neno kwa neno. Wageni waliandika yote.