Chini ya Sifuri

Juzi mjukuu wangu wa chuo kikuu alinieleza kuhusu nambari zenye sehemu nne, tatu kati yake za kufikirika tu. Nilicheka, kisha harufu ya unga wa wimbi ikanijia.

Mchana mmoja utotoni mwangu, mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba zipo nambari chini ya sifuri. Niliteremka mlima wa Manga mbio. Mama alikuwa amepiga magoti akisaga wimbi, jirani yetu akipiga soga karibu naye. Kwetu watoto hawahesabiwi. Sikujua kwamba kuwahesabu ni kukiita kifo. Nilidhani watu walikosa nambari za kuwapa waliokufa, kama dada yangu Nyaboke na ndugu yetu aliyekufa mchanga.

“Mama, sasa tunaweza kuhesabiwa sote!” nilisema. “Sisi tuko juu. Nyaboke na yule mchanga wako chini ya sifuri.”

Jiwe la kusagia likanyamaza. Jirani akainuka, akaaga bila kuniangalia.

“Nani amekutuma uje kutuhesabu?” Mama aliuliza polepole.

Uso uliniwaka hadi masikioni.

Na juzi, mjukuu alipouliza, “Nyanya, ulizaa watoto wangapi?” uso uliniwaka vilevile.

“Wapo,” nilimjibu.