Nimemponda mwigizaji, kumbe nimekaa naye benchi moja

Jamani, leo nimeumbuka kwenye banda la video hapa Masumbwe!

Mnajua kila Krismasi nawachambulia filamu mpya. Ya kwanza leo ni ya mapenzi, inachosha, msihangaike nayo. Ya pili ni vichekesho, nendeni mkaumie mbavu.

Ya tatu imechezwa na watu wa huku kwetu. Mama mmoja anamlilia mwanawe aliyepotelea machimboni. Mimi na mdomo wangu nikamwambia mama niliyekaa naye, "Huyu analia kama kapakwa pilipili!"

Akageuka. Sura ile ile ya kwenye filamu!

"Shikamoo, mama," nikasema kwa aibu.

"Marahaba. Ni pilipili kweli, mwanangu. Machozi yaligoma, nikajipaka."

Banda zima tukaangua kicheko, na yeye akacheka kutuzidi.

Halafu kwenye filamu mwana akarudi, siku ya sikukuu. Mama akamshika uso kwa mikono miwili.



"Na hapa je?" akaninong'oneza.

Mimi tayari nilikuwa nalia.

Kaitazameni hiyo, halafu mje mniambie nyie mlijikaza mpaka wapi. 😂❤️